Trapu Mpya ya Ndinda

Tangu aanze kumbebea mzee Osewe mfuko wa spana, kutoka Kisumu Ndogo hadi Kawangware, Ndinda hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita baba. Yule wa kumzaa alikuwa Kitui. Huyu ndiye aliyemtia ufundi mkononi.

Sasa alikuwa na kazi yake mwenyewe, ya kwanza: kuunganisha mashine ya kuosha vyombo kwenye sinki, katika fleti mpya karibu na stendi ya matatu ya 46. Wanzala, msimamizi wa jengo, alimwambia wazi, "Hii ikienda poa, bomba zote za hii ploti ni zako."

Trapu ilikuwa mpya, lile bomba lililopinda chini ya sinki, lenye mdomo wa kando wa kushika mpira wa kutolea maji ya mashine. Ndinda akampigia Osewe simu.

"Baba, nainua mpira juu, naushukisha kwa trapu, nakaza na klipu. Kuna kitu nimesahau?"

"Hakuna, msichana wangu. Enda ufanye kazi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Ndinda aliinama mpaka shingo ikalia. Mashine ikaosha vizuri, lakini ilipofika kutema maji ikanguruma tu. Mpira ukachomoka, maji ya mafuta yakamwagika jikoni. Akafunga tena, yakamwagika tena. Wanzala hakumgombeza. Alitoa simu akaulizia fundi mwingine, na hilo liliuma zaidi.

Fundi mwingine akafika upesi mno. Alikuwa Osewe.

Hakumtazama Ndinda. Alipiga magoti, akachomoa mpira, akagonga bisibisi ndani ya ule mdomo wa trapu, akatoa kifuniko kidogo cha plastiki. Kumbe kila trapu mpya huja imezibwa humo ndani! Ndinda hakuwahi kukiona. Katika kazi zao zote, kila walipofika hatua hiyo, Osewe alikuwa akimtuma nje akafunge maji.

Mashine ikatema maji kwa raha zake. Wanzala akasevu namba ya mzee.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Lakini nani hupekua nguo aliyovishwa na baba?

"Nilikuuliza kama kuna kitu nimesahau," Ndinda alisema.

"Hukusahau. Hiyo sikukufunza."

Halafu, kwa mazoea tu, akamsogezea mfuko wa spana.

"Beba mwenyewe, Osewe."