Balozi wa Uturuki na Miche ya Mama

Enzi zetu pale Kanyakine, mgeni mkubwa akitarajiwa shuleni, masomo yalisimama. Tulifagia uwanja, tukanyunyiza maji vumbi litulie, tukapaka miguu mafuta ya kupikia mpaka ikang'aa na nzi wakatufuata. Mwaka huo alikuja Balozi wa Uturuki kufungua darasa ambalo nchi yake ilitusaidia kujenga.

Baba, mwalimu wetu, ndiye aliyetafsiri Kiingereza cha mgeni kwa Kimeru. Nyumbani hapakukalika. Baba alikuwa amepewa uhamisho wa kwenda Moyale, na Mama alikuwa hamsemeshi tangu siku hiyo. Kwetu mwalimu akipelekwa mbali, watu waliulizana amekosa nini: amelewa, au amekula karo? Baba hakuwa amekosa lolote, lakini alitembea ameinama.

Balozi, mzee mpole mwenye masharubu meupe, akatueleza kazi yake. Kila baada ya miaka michache alihamishwa nchi nyingine, na watoto wake kila mmoja alizaliwa nchi tofauti. Wazazi walioalikwa wakatazamana kwa huruma. Maskini, kumbe ana kesi kubwa kiasi hiki! Mama, aliyekuwa miongoni mwao, akainuka, akauliza Balozi amekosa nini hata asiachwe akae na shamba lake.

Baba alisita, kisha akatafsiri. Balozi alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akajibu, "Mama, wananituma kwa sababu wananiamini. Kinachoniuma ni kwamba sijawahi kula tunda la mti nilioupanda."

Baba aliyatafsiri maneno hayo taratibu sana, akimtazama Mama. Mama akatoka. Wageni walipokuwa wakinywa chai ya kuagana alirudi na miche miwili ya mgomba, bado ina udongo. Mmoja akampa Balozi, aupande huko atakakotumwa tena. Wa pili akamkabidhi Baba mbele ya watu wote.

"Na huu ni wa Moyale," akasema.

Jua la Moyale liliukausha, lakini Baba aliondoka kichwa juu. Vijana wa leo wanahama kazi kila msimu wakiwa na simu na chaja tu, na wanaaga kwa ujumbe wakiwa tayari njiani. Mwanangu alipokwenda ng'ambo nilimchimbulia mche. Akacheka, akaniambia uwanja wa ndege hawapitishi udongo. Niliupanda mwenyewe nyuma ya jikoni. Umeshazaa, na yeye bado hajaonja ndizi zake.