Nukta ya Kijani kwenye Mashine ya Tisa

Mimi ni mfumaji. Sikusema nilikuwa, nimesema ni. Kiwanda cha nguo kimefungwa miaka kumi na mitano sasa na paa lake limeota majani, lakini mikono yangu haikupewa barua ya kuachishwa kazi.

Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akiubishia ufumaji wangu, naye hukaa sebuleni kwangu kila alasiri akinywa chai yangu. Huyo ni Mkaguzi. Enzi zile kazi yake ilikuwa kutandaza jora juu ya meza yenye taa na kutafuta kasoro. Hata leo ukimpa shuka jipya, kwanza huliinua dirishani alimulike.

Siku moja alikuta kwenye jora langu mstari mwembamba kama unywele, umeshuka tangu mwanzo mpaka mwisho. Akaandika kwamba nimepitisha nyuzi mbili kwenye pengo moja. Nikasema ni jino la chanuo limepinda, maana chanuo ndicho kile chuma chenye meno mamia kinachozipanga nyuzi zisiparamiane. Wakubwa wakaja kutazama kesho yake, meno yote yamenyooka. Nikapokonywa mashine, nikapewa fagio. Miaka minne, mpaka niliporudishiwa mashine, nilifagia vumbi la pamba chini ya miguu ya wenzangu, na mama yangu alifariki akiwaambia majirani kwamba binti yake anafuma. Sikuwa na ulimi wa kumsahihisha.

Aliyenifariji alikuwa fundi wa mashine, jina la utani Spana. Huyu ana ugonjwa mmoja: akitengeneza kitu lazima akitie nukta ya rangi ya kijani, ili fundi mwingine asikiguse. Kila siku ya ile miaka minne alikuja kunibebea ndoo ya takataka. Nikasema mwanamume huyu ana utu, nikaolewa naye. Leo birika langu lina nukta, kitanda kina nukta, na hata miwani niliyovaa ina nukta.

Mwezi uliopita tukasikia kiwanda kitabomolewa Jumatatu.

"Mwenzangu," nikamwambia Mkaguzi, "twende tukalitazame lile chanuo kabla halijageuka chuma chakavu. Nisipokuonyesha kasoro, sitalitaja tena jora lile maisha yangu yote."

"Hilo nalitaka kwa macho yangu," akasema, akaweka kikombe chini.

Spana akaanza. Goti linamuuma. Mle mna nyoka. Paa litatuangukia. Nikamwambia basi abaki, akaja mbio, na goti lake.

Tuliingia kupitia tundu la ukutani. Mkaguzi, mwembamba yule, akapenya. Mimi nikafika nusu nikanasa. Mkaguzi akanivuta mikono kutoka ndani, Spana akasukuma kutoka nje huku akishauri tuahirishe. Nilitokea upande wa pili nikiwa nimeacha vifungo viwili vya gauni.

Ukumbi wa kufumia ulikuwa na popo, madimbwi, na mashine zetu zimekaa mistari vilevile. Tukaanza kusemeshana kwa kupiga kelele, masikio karibu yapasuke, mahali ambapo hata panya hakusikika. Ilipita nusu saa ndipo Mkaguzi akauliza kwa nini tunapiga kelele. Mle ndani hatukuwahi kuongea vingine.

Kwenye mashine ya tisa, ile yangu, Mkaguzi akafuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, akawasha tochi ya simu, akapitisha ukucha kwenye meno, moja baada ya jingine.

"Yamenyooka," akasema.

Nikaanza kurudi kwenye tundu la ukutani.

"Ngoja," akasema. Ukucha ulikuwa umesimama. Jino moja lilikuwa na alama za koleo, lilipinda likanyooshwa kwa mkono. Na chini yake, kwenye fremu, palikuwa na nukta ya kijani.

Tukageuka wote wawili. Spana alikuwa anatazama popo.

"Paa hili kweli litaanguka," akasema.

Mwishowe ukweli ukamtoka. Alikuwa amepanda kukaza bolti, mimi nikapita na kitambaa changu chekundu kichwani, akanitazama, spana ikamponyoka ikaangukia chanuo. Niliposhtakiwa aliogopa kufukuzwa, akalinyoosha lile jino wakati wa chakula kabla wakubwa hawajafika.

"Umeficha kosa, halafu ukalitilia sahihi?" Mkaguzi akauliza.

"Mazoea. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkaguzi akaniambia.

Nilitamani nimchape na chanuo lenyewe. Badala yake nililia kwa hasira, kamasi na vumbi la pamba pamoja. Miaka minne ile ndoo ilibebwa na dhamira iliyokuwa ikimsuta, nami nikaiita mapenzi.

"Yalikuwa mapenzi pia," akasema.

"Wewe nyamaza."

Mkaguzi alinyoosha mgongo kama aliyesimama mbele ya meza yake ya taa. "Jora lile," akasema, "kasoro ni ya mashine. Mfumaji hana kosa." Kisha akanishika mkono. "Nisamehe, mwenzangu. Ningemwambia mama yako mwenyewe, kama angekuwepo." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka ishirini na sita.

Siku hizi Spana anafagia nyumba. Nimempa miaka minne, sawa na yangu. Alasiri Mkaguzi anapitisha kidole chini ya kabati, na hana huruma hata chembe. Juzi mpini wa fagio ulilegea. Leo asubuhi nimeukuta umekazwa vizuri, na karibu na shingo pana nukta ya kijani, mbichi bado. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwita nikamwambia imebaki miaka mitatu na miezi kumi na mmoja.