Mtoto Si Fidia

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, mkuu wa ofisi ya ustawi wa watoto pale Randburg, kusini kabisa mwa Afrika, alinipa kiti kati ya watu wawili wasioelewana lugha, akaniambia, "Mkalimani si wakili. Neno likikuchoma, lipitishe hivyo hivyo." Nilikuwa mwanamke wa Tanga mwenye mvi tayari, muuza nguo wa miaka mingi, na Kiingereza changu nilikiokota kwa wateja. Kazi niliipenda, maana ilinifikishia maswali ambayo kwingine nisingeyasikia.

Baadaye nilihamishiwa Turffontein, na huko nikakutana na shauri la Neema, yatima wa miaka sita. Alilelewa Bellevue na mama yake mdogo, Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, ambaye ugonjwa wa figo ulikuwa umeanza kumlemea. Aliyetaka kumuasili, yaani kumfanya mwanawe kisheria, ni mwalimu wake wa chekechea, Bi Marike, mama wa Kizungu.

Msimamizi wa mashauri alimuuliza sababu.

"Nyumba ninayoishi nimeirithi kwa baba," akasema. "Aliipata baada ya wenyewe kufukuzwa kwa ajili ya rangi yao. Nataka kurekebisha."

Neno hilo, kwa Kiingereza chake, lilinisumbua. Kurekebisha, kulipa, au kuomba radhi? Nikachagua la kwanza, nikalipitisha.

Mama Furaha alinigeukia. "Mama, umwambie hivi. Sisi tulikimbia vita ya kwetu. Baba yake hakutufukuza sisi. Mtoto wa dada yangu hawezi kuwa fidia ya watu wengine. Awatafute wenyewe."

Bi Marike aliiva uso, akaaga. Nilidhani hatutamwona tena.

Miezi ikapita, akarudi. Alikuwa amempata binti wa ile familia, sasa bibi mzima, aliyemwambia kwamba ndugu zake bado wanashauriana wadai nini. Msimamizi alipomuuliza sababu upya, alijibu, "Neema huimba akivaa viatu. Tangu ahame darasa langu, namkosa kila asubuhi."

"Sasa amesema juu ya Neema," akasema Mama Furaha. Akakubali, kwa sharti kwamba kila Jumapili mtoto aje Bellevue, asiwasahau watu wake wala lugha yao. Korti ikapitisha.

Nilistaafu 2019. Nyinyi mnaoingia kazi hii mtazoea kuvusha maswali ya watu bila kudaiwa jibu. Mimi nilizoea, hadi Jumapili moja nilipokwenda kumjulia hali Mama Furaha, Neema akanifuata uani.

"Eish, Bibi, ile nyumba ikikuwa yangu siku moja, makosa ya babu yatakuwa yangu pia?"

Nikamketisha kando yangu.

"Kosa halitakuwa lako," nikamwambia. "Lakini wenyewe wakija kubisha hodi, wa kufungua mlango utakuwa wewe."

"Niwaambie nini?"

"Sijui, mjukuu wangu. Anza kwa kuwakaribisha ndani."