Kompyuta Haisalimiwi

Makoye alikuwa mtu wa kufika kila mahali bila kunyanyuka kitini. Akiwa Shinyanga mjini, kwenye ofisi ya duka la pembejeo la Mzee Jashvant, aliandika mstari mmoja kwenye dirisha jeusi la kompyuta yake, na kompyuta za matawi yote, Tinde, Mwadui hadi Segese, zikatii bila ubishi. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kompyuta haisalimiwi. Ukimpigia simu mtu wa Tinde lazima muulizane kwanza ya nyumbani, ya ng'ombe na ya mvua, ndipo useme shida yako. Mashine unaiamuru tu.

Ndiyo maana alipoona kwenye ripoti kwamba kompyuta ya Tinde inafungua video kila mchana, saa ya chakula, hakumpigia Loveness, keshia wa pale, ingawa Loveness ni shemeji yake, mdogo wa mkewe Martina. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, lakini bwana huyu alijiona ameshajua.

"Tamthilia tu hizo," alijisemea.

Akaandika skripti: ingia kwenye kompyuta ya kila tawi, pita kwenye kila diski iliyochomekwa, futa video zote. Na si kuzipeleka kwenye kapu la taka, bali kuzifuta kabisa. Hakuijaribu kwanza kwenye kompyuta moja, kama anavyowahubiria wanaokuja kwake kujifunza kazi. Alibonyeza, majibu yakashuka moja baada ya jingine, tayari, tayari, tayari, naye akaenda kula wali maharage kwa raha zake.

Alikuwa bado ananawa mikono Loveness alipopiga simu.

"Shemeji, flashi ya mama imekuwa tupu."

"Flashi gani?"

"Ile uliyompa wewe. Ya mazishi ya baba."

Baba mkwe wake, mzee Herman, alizikwa wakati Mama Martina amelazwa hospitali baada ya upasuaji, hawezi hata kukaa. Makoye ndiye aliyemtafuta mpiga video, akamtumia mama mkwe flashi, na ukoo mzima ukamsifu. Hakujiuliza mama mwenye redio ya betri tu angeichomeka wapi. Mama alijitafutia jibu mwenyewe: kila mchana alitembea hadi dukani kwa bintiye, akakaa nyuma ya kaunta, akatazama kidogo. Jeneza lilipokaribia kaburi alimwambia Loveness asimamishe. "Kesho," alikuwa akisema. Siku hiyo alikuja amejikaza, aone mpaka mwisho.

Makoye alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimpigia Donatus, mpiga video. Donatus akasema kadi yake imeshabeba harusi kibao tangu wakati ule, video ya msiba haikubaki. Makoye akapanda gari hadi Tinde, akaibana ile flashi kwa kila programu aliyoijua, ikatoa miraba ya kijani isiyo na sura ya mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki kilikuwa kwenda nyumbani kwa mama mkwe na kusema ukweli.

Kwa Wasukuma, mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wala hamkodolei macho. Makoye akawekewa kigoda barazani, mama akakaa ndani nyuma ya pazia, Loveness akasimama mlangoni kupeleka maneno. Salamu zilikwenda na kurudi, ndefu kama desturi inavyotaka, na safari hii Makoye hakuzifupisha.

"Mwambie mama ni mimi niliyefuta," alisema. "Si wewe, si umeme, si virusi. Ni mimi na kiburi changu."

"Mama, mkwe anasema ni yeye aliyefuta."

"Mwambie simlaumu," alisema mama. "Nilimwona kwenye video ile. Wenzake wanasogoa, yeye ameinamisha kichwa muda wote. Nikasema, huyu alimpenda mzee wangu. Sasa basi, anisimulie pale ambapo sijafika. Nyie wanangu mlikuwa mnalia, hamkumbuki kitu. Yeye alikuwa mbele kabisa. Mzee alishushwaje? Nani alitupa udongo wa kwanza?"

Hapo aibu ya kufuta ikaonekana mchezo wa watoto. Siku ile ya mazishi kompyuta ya Segese ilikuwa imegoma, na Makoye, kichwa chini kando ya kaburi, alikuwa akiipa amri kwenye simu. Aliponyanyua uso, watu walikuwa wanaweka mashada.

Angeweza kutunga. Makaburi yanafanana, udongo ni udongo, na mama angeshukuru. Ulimi ulikataa.

"Mwambie..." alianza. Akamsogelea Loveness, akanong'ona: "Sikuona. Nilikuwa kwenye simu, nafanya kazi."

Loveness alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Hilo silipeleki mimi, shemeji. Lipeleke mwenyewe."

Makoye alisogea hadi mbele ya pazia, akafungua kinywa.

"Nimesikia," alisema mama kutoka ndani.