Dereva Aliyeitafuta Ishirini na Nane

Juzi nilipita mtaa wa Gerezani, kwa wauza vipuri, kutafuta feni belti ya gari langu, na fundi mmoja, bila kuacha kukaza nati, akaniambia kwamba dereva wetu wa zamani amefia hospitali kule Upanga na amekwishazikwa. Nikakaa juu ya tairi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe. Nilikusudia kuandika juu ya mashimo ya barabarani, lakini hofu moja ya zamani imenirudia, na naona haitanitoka mpaka niiseme.

Miaka ile ya Ujamaa tulifanya kazi katika yadi ya shirika moja la umma, yeye dereva, mimi stoo ya vipuri, na tulipanga nyumba moja Kariakoo. Petroli ilikuwa adimu kuliko dawa. Aliyeshukiwa kuifyonza aliitwa kupe mbele ya wenzake, kisha watu wakaja kumchukua. Kila asubuhi mwenyekiti wa tawi letu la chama alisimama ubaoni na chaki, na kila dereva akataja gari lake jana lilikwenda umbali gani kwa kila kipimo cha mafuta. Mwenyekiti hakupenda maneno mengi. Alitaka namba tu. Mwenye gari kuukuu alisema ishirini na nane. Rafiki yangu, aliyekabidhiwa pikapu mpya iliyoshushwa melini, alisema kumi.

"Ndugu, mwenzako ishirini na nane, wewe kumi," mwenyekiti alimwambia. "Hizo kumi na nane unampelekea nani?"

"Hakuna, Ndugu Mwenyekiti. Wallahi hakuna."

"Nakupa mpaka Jumamosi."

Tangu hapo kila gari liliposimama nje ya nyumba yetu, aliacha kula na kutazama mlango. Mkewe alimfungia nguo kwenye kifurushi, endapo watakuja. Nami niliogopa, maana mara nyingi nilipanda pikapu ile kwenda kuchukua vipuri. Alhamisi tulikuwa tunatoka Magomeni, na tulipoanza kuteremka bonde la Jangwani akazima injini. Ghafla kukawa kimya, tukasikia matairi tu na upepo. Huko chini akina mama walikuwa wakivuka na matenga ya mchicha. Alikanyaga breki, lakini injini ikiwa imezimwa, ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta. Akaikanyaga kwa miguu miwili, mimi nimefumba macho, na tulisimama bampa ikiwa imegusa tenga la mama mmoja, naye amekaa chini barabarani, hawezi hata kututukana.

"Una wazimu?" nilimwuliza.

"Naitafuta ishirini na nane," alisema. "Wakinichukua, wanangu watabaki na nani?"

Ijumaa mwenye gari kuukuu aliamka na malaria. Rafiki yangu akapewa gari lile, na pikapu akaichukua mwenyekiti mwenyewe kwa shughuli za tawi. Jumamosi ubaoni, rafiki yangu alisema kwa sauti ndogo, "Ishirini na nane." Mwenyekiti akainua chaki kuandika ya kwake, akasita. Ilikuwa kumi. Nilimwona akigeuka kutazama nani anamtazama. Ndipo alipokwenda kuchungulia dashibodi za magari yote mawili. Gari kuukuu lilihesabiwa kwa maili na galoni. Pikapu kwa kilomita na lita. Tulipolinganisha, maili moja ikiwa zaidi ya kilomita moja na nusu na galoni kama lita nne na nusu, magari yote mawili yalikuwa yanakunywa sawasawa. Akaandika "maili" huku na "kilomita" kule, akapangusa mikono. Hakuna aliyesema pole.

Siku hizi nawasikia vijana hapo Gerezani wakibishana. Mmoja gari lake linakula nane, yaani lita kwa kilomita mia. Mwingine anajivunia kumi na tano, yaani kilomita kwa lita moja. Kwa wa kwanza ndogo ndiyo nzuri, kwa wa pili kubwa. Wanacheka, wanaagiza chai. Mimi sicheki. Namba ile ile, enzi zile petroli pungufu ilipokuwa kosa, ingetosha kumtoa baba nyumbani kwake.

Fundi alinieleza pia rafiki yangu alivyoondoka duniani. Homa ilikuwa imepanda, muuguzi akampima na kusema, "Thelathini na tisa." Mzee akamshika mkono wa gauni, hataki kuuachia.

"Za nini, mwanangu?" aliuliza. "Na mwenzangu wa kitanda cha pili, yeye ana ngapi?"

Tukitaja namba, tutaje na kipimo chake. Kuna mtu anaisikiliza huku anatetemeka.