Taa ya Kinyozi

Chepchumba alikuwa mtu wa kinyaa. Akitembelea nyumba ya watu, alinusa kikombe kabla chai haijamiminwa, na kama kilinuka yai alisema amefunga. Alipotoka Keiyo kuja Lodwar kusimamia gesti ya Shadrack katika mtaa wa Kanamkemer, joto hakulilalamikia, wala vumbi. Alilalamikia nzi. Kila chumba alikikagua mwenyewe baada ya kusafishwa, na unywele mmoja wa mgeni aliyeondoka ukionekana kwenye sinki, kazi ilianza upya. Nakeno, mpishi wa gesti, alimwita Madam Jiki, kwa jina la dawa ya kung'arishia nguo, tena mbele yake.

Mwaka huo, 2013, mji ulikuwa umejaa watu wa mafuta, watu wa kaunti mpya na watu wa semina. Shadrack, mkandarasi aliyehamia kutoka Machakos, aliona kila gesti ina televisheni kubwa, akataka kitu ambacho mwingine hana. Akaagiza kutoka Kilifi tangi la kioo, magunia ya chumvi ya kuchanganyia maji, na matumbawe hai.

Ilikuwa karaha tangu mwanzo. Kiumbe cha bahari kimesafirishwa hadi nchi kavu, kikawekwa kando ya kaunta, ili watu wa semina wapate cha kutazama wakichokonoa meno. Maji yasichemke kwa joto, ilibidi zitiwe ndani yake chupa za barafu zilizotoka kwenye friza ya samaki, nazo zilikuja na harufu ya samaki. Juu ya maji likajengeka povu la manjano. Chepchumba alilichota kwa kijiko alichokifunga utepe mwekundu kisije kikaingia jikoni, huku uso ameugeuzia ukutani.

Na matumbawe yenyewe, chini ya mirija myeupe ya umeme iliyokuja na tangi, yalikuwa ya kahawia. Vijitawi vyake vilivimba mchana na kutoa ute.

"Si uliniambia ni maua ya bahari?" Nakeno alimwuliza Shadrack. "Hii inakaa kitu ng'ombe imeacha kwa njia."

Wageni walicheka. Shadrack hakucheka. Alikuwa na picha kwenye simu, tangi la hoteli moja ya Dubai, matumbawe yanawaka zambarau na kijani kama taa za harusi.

"Tatizo ni taa," alimwambia Chepchumba. "Mambo ya usafi nimekuachia wewe. Na hii ni usafi. Tafuta taa itoe hiyo rangi ya choo."

Alianza na taa kubwa ya uwanjani, ile ya kumulika mpira usiku. Ilipasha maji moto hadi konokono waliokuja na matumbawe wakapanda kwenye kioo kutafuta pa kukimbilia, ikabidi izimwe. Akajaribu balbu ya rangi kutoka duka la vifaa, ya kilabu, nayo ilifanya sebule nzima ionekane ya ulevi. Bado matumbawe yalikuwa ya kahawia.

Taa aliyoitaka aliikuta Kakuma, alikokwenda kununua shuka. Pembeni ya soko la kambi ya wakimbizi, Déo, Mkongomani, alikuwa na kibanda cha kinyozi, na kwenye meza yake palikuwa na kisanduku cha kioo ambamo mashine za kunyolea zililala kwenye mwanga wa buluu. Chepchumba alisimama mlangoni akasahau shuka. Alivutiwa na ubuluu ule, lakini zaidi alivutiwa na kazi yake.

"Inafanya nini hasa?"

"Inaua, dada. Mapunye, chawa, kila kadudu yenye haionekane. Watu wa kichwa mbaya wanakuja hapa, tunaweka mashine mule, inatoka safi sawa mtoto wa kubatizwa."

"Inaua kila kitu?"

"Kila kitu! Hata wewe, usiiangalie sana na macho."

Kwa mwingine hilo lingekuwa onyo. Kwa Chepchumba lilikuwa sifa. Taa yenye rangi nzuri, na juu ya hapo inayosafisha! Alimbembeleza Déo mpaka akamtolea mrija wa akiba, akaufunga kwa shuka mpya na kurudi nao Lodwar akiupakata.

Waliutundika karibu kabisa na maji. Macho yaliwawasha wote waliokaa karibu, wakasema ni vumbi. Lakini matumbawe yalibadilika. Ule ukahawia ulianza kufifia kwenye ncha, ukafuata ukingo, na chini yake ikajitokeza rangi ya waridi hafifu, kisha samawati kama mshipa wa mkononi, kisha nyeupe. Nyeupe ya sahani mpya. Ute ulikoma. Wageni walileta viti. Shadrack alipiga picha na kuzituma kwa watu wote aliowajua Machakos.

Chepchumba alifurahi kuliko wote. Kwa mara ya kwanza aliketi mbele ya tangi bila kuziba pua. Alijikuta akiyasalimia asubuhi kwa Kiturkana, "Ejok," kama mtu na jirani yake, na akimkaripia mgeni aliyetaka kugonga kioo. Alikuwa amekipenda kitu, naye hakuwa mwepesi wa kupenda.

Ndipo harufu ikaanza. Nakeno ndiye aliyeitaja.

"Madam, kuna kitu imekufa hapa."

"Ni friza yako."

"Friza yangu najua inanuka aje. Hii ni ingine."

Chepchumba aliinama juu ya maji, akanusa. Akampigia simu muuzaji wa Kilifi, akamweleza kila kitu kwa fahari iliyokuwa ikipungua kadiri alivyosema: taa, weupe, ute uliokoma.

"Mama," yule muuzaji alisema, "ule ukahawia ni mimea midogo mno, inaishi ndani ya mwili wa tumbawe na kulipikia chakula kwa mwanga. Tumbawe likizidiwa, linaitapika. Weupe unaoufurahia ni mifupa. Rudisha ile mirija myeupe, rangi nzuri itakuja polepole, pengine isije. Lakini litaishi."

Chepchumba alikata simu. Uchafu aliokuwa akiuchukia ndio uliokuwa uhai wenyewe, na usafi wake ndio ulioua. Alichomoa waya wa taa.

Shadrack aliurudisha kabla ya chakula cha mchana.

"Kuna watu wa kaunti wanakuja kula hapa leo. Unataka waone kinyesi?"

"Yanakufa, bosi."

"Si yanapendeza?"

"Yanaoza. Nusa."

Shadrack alinusa. Alielewa, hilo lilionekana usoni. Kisha akaenda chooni, akaleta kopo la marashi, akapuliza juu ya tangi, na matone yakatua majini.

"Sasa?" akasema.

Wageni waliketi. Walikula mbuzi wa kuchoma huku vidole vyao vyenye mafuta vikichora kwenye kioo, wakipiga picha na maiti na kusema, tazama Mungu alivyo fundi. Chepchumba aliwatazama akahisi kinyaa ambacho sinki wala kikombe havikuwahi kumtia.

Akapandisha mkono wa blauzi, akauzamisha mkono majini hadi kwapani.

Nyama ya matumbawe ilimwachia vidoleni kama utando wa maziwa yaliyopoa. Harufu ikapanda. Mtu mmoja alisukuma sahani.

"Madam! Watu wanakula!"

"Chepchumba!" Shadrack alifoka. "Wacha hiyo kitu!"

Alipapasa chini ya jiwe, upande ambao taa haikufika, hadi akagusa kitu kilichokunjamana, kilichoteleza, kilichokuwa bado na ute. Kipande cha urefu wa kidole, kahawia tupu. Alitapika kidogo mdomoni, akameza, akakitoa.

"Toa uchafu wako," Shadrack alisema. "Na wewe uende nao."

Alikwenda nao. Nakeno alimfuata chumbani kwake jioni na ndoo ya maji ya chumvi, pampu ndogo ya hewa na mirija myeupe ya zamani, vyote vikiwa vimefunikwa kwa gunia la mkaa. Waliweka karai juu ya kiti. Kwa siku kadhaa kipande kile kilikaa kimejifunga kama ngumi, na Chepchumba, bila kazi, alibadilisha maji yake, mkono mmoja kwenye karai na mwingine puani.

Asubuhi moja Nakeno alimkuta amepiga magoti. Vijitawi vilikuwa vimefunguka, vya kahawia, vinene, vikipepea kwenye mapovu ya pampu.

"Itageuka rangi?" Nakeno aliuliza.

"Pengine hapana."

"Itakaa tu hivi? Mbaya hivi?"

"Ikae," alisema Chepchumba, na akamsogezea Nakeno nafasi sakafuni.