Ini la Kila Jumamosi

Mama na dada wa shirika letu, mmeniachia nafasi hii kabla ya sala ya mwisho. Nitaitumia kusema ukweli wote, hata ule unaoniaibisha.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Katoyi. Nilizaliwa upande wa Bukavu, nikaolewa na Janvier, karani, ambaye familia yake ni ya wafugaji wa Kalengera. Niliingia katika ndoa nikiamini kwamba mtu aliyesoma hawezi kudanganyika kuhusu mwili wake mwenyewe. Miaka mitatu ikapita bila mimba. Hakuna aliyenitukana. Watu walinihurumia, na huruma yao ilinifikia katika chupa na katika sahani.

Sahani ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye sasa anaishi mtaa wa Mapendo. Katika ukoo wao, mke anayetafuta mimba hulishwa ini la ng'ombe, na mama mkwe haondoki mpaka sahani iwe tupu. Kila Jumamosi alikuja na ini limefungwa katika jani la mgomba, akalipika mwenyewe, kisha akaketi mbele yangu.

"Mukazana," aliniita, yaani mke wa mwanawe, "kula yote. Damu ikijaa, mutoto anakuya."

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini, na tumbo iko bure?"

Tulicheka wote wawili. Nilikula.

Chupa ya kwanza niliinunua mimi, vitamini za wanawake. Ya pili nilipewa na Neema, mwalimu mwenzangu: vidonge vya mafuta ya ini la samaki. Janvier aliziona zimepangwa dirishani, akauliza, "Hizi zote hazitagombana mu tumbo?" Nikamjibu kwa kiburi cha mwalimu: "Hii ni chakula, si dawa. Chakula haigombanake." Maandishi ya kila chupa yalisema kidonge kimoja kwa siku. Nilimeza viwili, baadaye vitatu, kwa sababu mwezi uliisha na damu ikaja tena.

Baada ya miezi kadhaa midomo yangu ilipasuka hadi kutoa damu. Ngozi ya viganja ikabanduka. Nywele zilibaki katika kitana, mashada kwa mashada. Mifupa ya miguu iliniuma nikipita juu ya mawe meusi ya njia yetu, na kichwa kiliuma nyuma ya macho hata ubao ukawa na ukungu. Kisha nikaanza kutapika. Mama mkwe alipiga makofi: "Kutapika hivyo? Ni mutoto!"

Alisema kweli. Kipimo cha mkojo kilionyesha mistari miwili. Janvier alikiweka kipimo hicho katika mfuko wa shati, akaenda nacho kazini. Nami, ili kumlinda mtoto wetu, niliongeza kidonge kimoja zaidi.

Damu ilianza siku ya Jumatatu, nikiwa mbele ya darasa la tatu. Nilihisi joto likishuka mapajani. Nilimaliza sentensi niliyokuwa nikiiandika, nikaweka chaki chini, nikatoka. Kufikia jioni, katika kitanda cha hospitali, mimba ilikuwa imekwisha toka. Janvier alisimama karibu nami, mkono juu ya mfuko wa shati.

Daktari, mama mtulivu, alitazama viganja vyangu kwa muda mrefu. Alimwambia Janvier, "Papa, kesho lete kila kitu bibi yako anameza." Kesho yake alipanga chupa mezani na kusoma maandishi madogo, moja baada ya nyingine, akiandika kiasi cha vitamini A cha kila chupa.

"Na chakula?"

"Ini," nilisema. "Kila Jumamosi."

Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, mwili inawekaka vitamini A wapi?"

Nilijibu kama mwanafunzi. "Mu ini. Ya mutu, ya ng'ombe, ya samaki." Sentensi hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka. Haikupita akilini mwangu kwamba ilinihusu.

"Ni hiyo iliua mutoto wangu?"

"Siwezi kuapa," alisema. "Mimba zingine zinatoka bila sisi kujua sababu. Lakini kiasi hiki kinaweza kumuumiza mutoto. Na wewe, kimekuumiza tayari."

Sijapata jibu jingine hadi leo. Nimelazimika kuishi na hilo.

Niliacha kila kitu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba ini langu lilikuwa limevimba na kuchoka; lilihitaji miezi. Kichwa kilipona kwanza, baadaye ngozi. Nywele mnaziona, bado fupi.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alibisha hodi, jani la mgomba mkononi. Janvier alinong'ona, "Usimwambie. Itamuvunja." Lakini wanawake wengine wataolewa katika ukoo huo, na sahani hiyo itawangojea. Nilimwambia, polepole, mkono wangu juu ya mkono wake.

Aliuliza, "Basi ni mimi niliua mujukuu yangu?"

"Hapana, Mama. Chupa zilikuwa zangu. Ini peke yake labda lisingefika pale. Wewe ulinipenda, Neema alinipenda. Mwenye kupaswa kuuliza alikuwa mimi, na sikuuliza."

Alilia, nami nikalia, na ini likabaki juu ya meza hadi nzi wakaja.

Namshukuru Mungu kwa uhai, na daktari yule kwa swali lake. Namshukuru Janvier. Kwenu ninyi mnaotafuta mtoto, ombi langu ni hili: kila unachomeza, hata kiitwe chakula, hata kiwe kimetoka kwa mtu anayekupenda, kipeleke chote pamoja mbele ya mganga aliyesomea. Sahani pia itaje. Mimi sasa naruhusiwa kidonge kimoja tu, cha asidi foliki, na siongezi.

Sina mtoto bado. Lakini Mama anakuja bado kila Jumamosi. Analeta maharagwe na mboga ya lengalenga, anapika, anaketi mbele yangu. Nikisema nimeshiba, anachukua sahani, na kinachobaki anakila yeye.